Kalamu ya Mtunza Ghala

Lori la tani 30 linapowasili kwenye lango la ghala la chakula cha msaada huwa limebeba magunia 600 ya kilo 50 kila moja. Hivyo ndivyo hati ya mzigo inavyosema. Lakini hati haina macho, wala haikusafiri juu ya magunia yale kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Isaka, na kutoka Isaka hadi Kibondo na Kasulu. Aliyepewa kazi ya kuthibitisha kwamba maneno ya hati ni ya kweli ni mtu mmoja, aghalabu mwenye mshahara mdogo na mkataba wa miezi michache, ambaye jina lake halitajwi katika hotuba yoyote ya kukabidhi msaada. Mtu huyo ni mtunza ghala. Leo tunataka kumsemea.

Wakazi wa kanda yetu ya magharibi hawahitaji kufundishwa maana ya msaada wa chakula. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilayani Ngara, na Benaco ikageuka kuwa mji wa kulishwa kwa muda wa siku mbili. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo. Mwezi Mei 2015 Warundi walijazana ufukweni Kagunga, na meli yetu kongwe ya Liemba ikapiga safari baada ya safari kuwaleta Kigoma. Katika kila tukio zilipigwa picha nyingi: za wanaokimbia, za wagonjwa, na za wakubwa waliokuja kutazama. Hatukumbuki kuona hata moja ya karani aliyesimama mlangoni mwa ghala akihesabu magunia.

Hatuyasemi haya kwa kutaka kumpamba mtu. Tunayasema kwa sababu chakula cha msaada kimepungua, na kitu kinapopungua ndipo hesabu yake inapopaswa kuwa kali. Mwezi Agosti 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilitangaza kwamba wakimbizi wapatao 320,000 waliokuwamo katika kambi za mkoa wa Kigoma wangepewa asilimia 62 tu ya mgao kamili, yaani ule unaopimwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Katikati ya mwaka 2023 mgao ulishushwa hadi nusu. Mwaka 2025 serikali ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa shirika hilo, ilivunja idara yake ya misaada ya nje, USAID, na tangu hapo kila mwenye mamlaka anatafuta mahali pa kupunguza. Tunahofu kwamba mahali pepesi pa kupunguza pataonekana kuwa ni ghalani. Mtu atauliza: karani watatu wa nini penye mlango mmoja?

Tumjibu kwa hesabu. Tuseme lori letu la magunia 600 limefika likiwa na magunia 588. Yaliyopotea ni 12 tu, mawili katika kila mia. Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo dogo, kwani mzigo wa safari ndefu hauwezi kukosa upungufu. Magunia 12 ni kilo 600. Ikiwa mtu mmoja hupewa gramu 400 za unga kwa siku, kilo 600 ni chakula cha siku 1,500 cha mtu mmoja. Yaani familia ya watu watano ingekula unga huo kwa siku 300. Na pale mgao unapokatwa kuwa nusu, magunia yale yale 12 ni siku 600 za familia hiyo. Hivyo jinsi mgao unavyozidi kuwa mdogo ndivyo kila gunia lililopotea linavyozidi kuwa kubwa. Anayepunguza makarani wa ghala wakati wa njaa anaikosea hesabu hii ya shule ya msingi.

Hivi karibuni tulifika katika ghala mojawapo la kanda yetu. Hatutalitaja, wala hatutawataja waliokuwamo, kwa kuwa haja yetu si kumtia mtu matatani. Lori lilikuwa limeingia alasiri. Turubai lilikuwa limefungwa vizuri na lakiri haikuguswa. Wachukuzi wakaanza kushusha, kila mmoja akipita mlangoni na gunia lake begani, na karani, kijana wa miaka isiyozidi thelathini, akachora mistari katika karatasi yake, kila gunia la tano likikata mistari minne iliyotangulia. Mzigo ulipokwisha akasema ni 588. Dereva akashangaa, akaapa, akasema yeye hakufungua kitu njiani. Kisha akalegeza sauti na kumwomba: ndugu yangu, tia sahihi 600, tutajuana huko mbele. Mkuu wa kijana huyo alitokea ofisini, akatazama saa, akatazama malori mawili yaliyokuwa yakisubiri nje, akauliza kwa nini kazi haiendi.

Kijana hakubishana na mkuu wake. Aliomba jambo moja tu, kwamba magunia yahesabiwe mara ya pili pale yalipopangwa, safu kwa safu na tabaka kwa tabaka, dereva akiwa amesimama karibu naye. Yakahesabiwa. Yakawa 588, na kati yake tisa yamechanika. Basi akaandika katika hati, kwa herufi kubwa zinazosomeka, idadi iliyopokelewa, idadi iliyochanika na idadi iliyopungua. Akatia sahihi, naye dereva akatia yake. Giza lilikuwa limekwisha kuingia. Mkuu wake hakumpongeza. Tulimsikia akimwambia kwamba amechelewesha magari.

Twapenda msomaji aelewe kilichookolewa jioni ile, maana si magunia 12. Hayo yalikwisha kupotea kabla lori halijafika langoni, na hapana kalamu iwezayo kuyarudisha. Kilichookolewa ni ukweli juu ya mahali yalikopotelea. Katika kazi ya ghala sahihi ni kama kupokezana mtoto mchanga: akishatiwa mikononi mwako, lolote litakalompata umelitenda wewe. Kama kijana yule angeandika 600, basi kuanzia usiku ule magunia 12 yangekuwa yamepotelea ndani ya ghala lake, mwenye lori angelipwa nauli yote, na kule njiani yalikotoka hakuna ambaye angeulizwa neno. Karani angebaki na daftari lenye 600 na sakafu yenye 588. Siku ya ukaguzi inapokaribia, mtu wa namna hiyo hana ila njia mbili. Ama alipe kwa mshahara ambao hautoshi, ama ayatafute magunia yake mahali pengine.

Na mahali pengine papo. Chakula hutoka ghalani kwa magunia lakini humfikia mlaji kwa kopo la kupimia. Kopo likipungua kidogo, kidole kimoja tu chini ya ukingo, mama aliyepanga foleni tangu alfajiri hawezi kuona, au akiona hana pa kusemea. Makopo elfu kadhaa yaliyopungua kidole kimoja huyarejesha magunia yote 12, na daftari likawa safi. Hivyo ndivyo mtu aliyeanza kazi akiwa mwaminifu hugeuka mwizi bila ya kuiba chochote kwa ajili yake mwenyewe. Ameibia wenye njaa ili aufunike wizi wa mtu asiyemjua. Kosa lake la kwanza lilikuwa upole.

Mtu si mwizi wa pekee wa ghala, wala si mwizi mkubwa kuliko wote. Nafaka ni kitu chenye uhai. Hupumua, hupata joto, hutoa jasho, huugua. Gunia likiwekwa juu ya saruji tupu litanyonya unyevu kutoka chini, na baada ya majuma machache punje zake zitashikana. Ndiyo maana hupangwa juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kiasi cha mita moja, ili hewa ipite na mtu aweze kuzunguka na taa akitafuta vinyesi vya panya na vumbi la wadudu. Hupangwa kwa kufungamana kama matofali ya nyumba, tabaka moja likikaza jingine, maana rundo lililosimamishwa ovyo huanguka, na gunia la kilo 50 lililoanguka kutoka tabaka la ishirini linaweza kumuua mchukuzi. Kisha kila rundo huwa na kadi yake, iliyoandikwa siku ya kuingia, mahali kilikotoka chakula, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Kadi hiyo lazima ilingane na daftari, na daftari lilingane na sakafu. Vitu vitatu hivi vikipatana, karani hulala usingizi.

Wakulima wetu wa Tabora wanamfahamu vizuri adui mwingine. Ni mdudu aliyetoka Amerika ya Kati, akaonekana kwetu kwa mara ya kwanza katika mkoa huo mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, na wananchi wakampa jina la Scania, kwa kuwa alibomoa mahindi kwa nguvu kama za lori hilo. Wataalamu humwita dumuzi. Huacha unga mahali palipokuwa na punje. Mtunza ghala hupigana naye, na fukusi pia, kwa bambo na kwa turubai: bambo huchomwa ndani ya gunia ili punje chache zitoke zitazamwe, na iwapo wadudu wamekwisha kuingia, rundo zima hufunikwa turubai lisilopitisha hewa, likawekwa vidonge vya kutoa gesi ya fosfini, likaachwa siku tano au zaidi. Gesi hiyo humuua mdudu, nayo humuua binadamu vilevile. Tumesikia mahali walinzi wanakojibanza ghalani wakati wa baridi bila kuuliza kama rundo limefukizwa. Anayedhani kwamba kazi ya ghala ni kukaa na kufuli mfukoni na afikirie jambo hilo.

Halafu iko sumu isiyoonekana wala kunusika. Mwaka 2004 katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 maafa kama hayo yalifika kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, yakaua watu wapatao 20. Mahindi hayo hayakuwa ya msaada wa kigeni. Yalikuwa ya wakulima wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa hayajakauka sawasawa. Lakini yanatufundisha kwa nini mtunza ghala anapopima unyevu na kukuta umezidi asilimia 13.5 huikataa shehena, hata kama watu wamekaa kambini wakiisubiri na wakubwa wanapiga simu. Kuwapa wenye njaa chakula cha kuwaua si msaada. Watoto na wajawazito ndio wanaodhurika kwanza, na ndio tunaodai kwamba tunawalisha.

Liko jambo jingine linaloonekana jepesi mpaka mtu alijaribu: kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Wachukuzi hulipwa kwa gunia. Rundo la zamani limo ndani, nyuma kabisa, katika joto. Rundo jipya liko mlangoni. Mwache mchukuzi achague, naye atachukua la mlangoni kila siku, wala hatumlaumu, kwani angefanya hivyo yeyote kati yetu. Matokeo yake ni kwamba lile la nyuma huzeeka kwa mwaka mzima huku kila lililo jipya likiliwa. Wazee watakumbuka unga wa njano uliokuja wakati wa upungufu wa chakula wa miaka ya 1970, ambao mijini uliitwa Yanga kwa rangi yake. Lawama zote zilitupiwa rangi. Lakini unga wowote uliokaa mno huingia uchungu, uwe mweupe au wa njano, na tofauti ya unga mtamu na unga mchungu mara nyingi ni karani aliyekuwa na ukali wa kuwaambia wachukuzi waingie ndani.

Wasomaji wataturudi kwamba wizi mkubwa haufanywi kwa magunia 12. Ni kweli. Mwaka 2023 chakula cha msaada kilionekana kikiuzwa masokoni na kusagwa mashineni nchini Ethiopia kwa wingi wa kutisha. Msaada wa Tigray ukasimamishwa kwanza. Kisha, mwezi Juni, WFP na idara ya Marekani wakasimamisha chakula katika nchi nzima, ambako watu wapatao milioni 20 walikuwa wakihitaji msaada. Wakimbizi walianza kupewa tena mwezi Oktoba, na Marekani ikarudisha msaada nchini kote mwezi Desemba tu. Kwa muda wa miezi hiyo, walioadhibiwa ni akina nani? Si waliouza. Ni mama ambaye jina lake lilikuwamo kwenye orodha na hakupata kitu kabla ya kusimamishwa, na baada ya kusimamishwa hakupata pia. Na nchini Uganda, hesabu ya mwaka 2018 iliyofanywa kwa alama za vidole ilionyesha kwamba wakimbizi walikuwa kama milioni 1.1, ilhali vitabu vilisema milioni 1.4. Wale 300,000 waliobaki katika vitabu walikuwa na migao, ingawa hawakuwa na matumbo.

Kutokana na mambo haya twaona kwamba karani peke yake hawezi kuzuia wizi ulioamriwa na wenye nguvu. Mtu mwenye bunduki, au mwenye barua yenye muhuri, akisema fungua, atafungua. Ndiyo sababu hatukubaliani na wale wanaodhani kwamba dawa ni kuhimiza uaminifu tu, kwa semina na kwa mabango ukutani. Uaminifu bila ya ngao ni kumtuma mtu vitani akiwa mikono mitupu. Kijana tuliyemwona alikuwa na ngao moja, hati yenye nafasi ya kuandika upungufu. Hakuwa na nyingine. Mkataba wake ungeweza kumalizwa na mkuu yule yule aliyekasirika kwa sababu ya malori mawili.

Na wakati mwingine ghala hufanya kazi yake barabara, halafu chakula kinapotea kwa mikono ya walio mbali nalo. Mwezi Julai 2025 iliripotiwa duniani kote kwamba karibu tani 500 za biskuti zenye nguvu, zilizonunuliwa na serikali ya Marekani kwa ajili ya watoto wenye njaa, zilikuwa zimeisha muda wake katika ghala huko Dubai, zikaamriwa kuteketezwa. Zilielezwa kuwa zingetosha kuwalisha watoto milioni 1.5 kwa juma moja. Biskuti hizo hazikuibiwa. Hazikuliwa na panya. Siku ya mwisho wa matumizi ilichapwa kwenye kila katoni, na hapana ghala la namna ile lisilo na orodha ya vitu vinavyokaribia mwisho. Lakini idara iliyozimiliki ilikuwa inavunjwa, na watu waliopaswa kutia sahihi ya kuzitoa walikuwa wameondolewa au hawakusikilizwa. Mtunza ghala hana ruhusa ya kugawa. Kazi yake ni kusema: hiki kinaisha tarehe fulani. Anapokwisha kusema, huwa amemkabidhi mkubwa wake jukumu zito kuliko gunia.

Tumetaja Dubai, lakini tusijifanye kwamba ni jambo la ng'ambo tu. Ni mara ngapi katika nchi yetu karani wa ghala la kijiji ameandika kwamba paa linavuja, barua ikapokewa, ikapigwa muhuri, ikawekwa jalada?

Baadhi ya wenzetu wanasema kwamba zama za magunia zimepita, wapewe watu fedha wajinunulie. Katika kambi ya Nyarugusu mpango wa namna hiyo ulijaribiwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2016, ukasimamishwa mwaka 2017. Sisi hatuupingi, mahali penye soko zuri ni njia ya heshima na huinua wakulima wa jirani. Lakini fedha hazifai pale barabara zilipokatika na maduka yakawa matupu, na hata zinapofaa, mahindi yatakayonunuliwa yatakuwa yametunzwa na mtu mahali fulani. Wengine wanatuambia kwamba kompyuta itahesabu. Kompyuta huhesabu kile ilichoambiwa. Ikiambiwa 600 itatunza 600 hadi kiama, tena kwa maandishi mazuri.

Neno moja pia kuhusu magunia yenye chapa ya msaada yanayoonekana magulioni. Tunawasikia watu wakipiga kelele kwamba wakimbizi wanauza chakula, kwa hiyo hawana njaa. Mwanamke anayeuza kopo mbili za unga ili apate chumvi, sabuni au kuni hakuiba kitu. Ameuza kilicho chake, kwa kuwa mgao hauna kila kitu. Gunia zima lenye mshono wa kiwandani ambao haujafunguliwa ni habari nyingine kabisa, kwa maana hakuna familia inayopewa mgao wake ukiwa umeshonwa hivyo kwa mafungu ya magunia. Mfanyabiashara anayeyanunua kwa makumi anajua vema yalikotoka. Tungependa kuona askari wakimwendea yeye kabla ya kumwendea yule mwanamke.

Taifa letu halipokei tu, nalo hutoa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, uliundwa mwaka 2008, na mwezi Desemba 2018 uliuzia WFP tani 36,000 za mahindi. Magunia ya wakulima wa Songea, Makambako na Sumbawanga hivyo yalikwenda kuwalisha watu nje ya mipaka yetu na ndani ya kambi. Heshima ya mkulima wa Rukwa na Ruvuma huko aendako gunia lake imo mikononi mwa karani aliyelipokea, akalipima, akalichoma bambo na kulikubali. Shehena moja mbovu ikipita, mwaka unaofuata mnunuzi atakwenda kwingine.

Basi twayataka haya kwa mashirika yanayoendesha maghala katika kanda yetu, na kwa halmashauri zinazoyasimamia yaliyo ya umma. Mtunza ghala asiwe wa kwanza kupunguzwa fedha zinapokatwa. Na popote mlangoni awepo wa pili, ili anayehesabu asiwe yule yule anayeandika daftari. Anayeandika upungufu katika hati asiondolewe kazini wala kuhamishwa bila ya jambo lake kusikilizwa na mtu asiyekuwa mkuu wake wa karibu. Mkataba wake uwe wa mwaka kamili angalau, kwa kuwa mtu wa miezi mitatu hana muda wa kulijua ghala wala sababu ya kulipenda. Wasafirishaji wakatwe nauli kwa kila gunia lisilofika, bila ya mjadala. Na penye kugawia pawe na ubao mkubwa, katika Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, unaosema magunia mangapi yaliingia mwezi huu, mangapi yalipungua, na kila mtu anastahili kopo ngapi, kopo lenyewe likining'inizwa hapo kwa mnyororo ili kila mwenye haki aweze kulipima. Wenye njaa wanajua kuhesabu kuliko wakaguzi wote, mradi waonyeshwe namba ya kuanzia.

Kuhusu ada na mafunzo hatuna la kusema zaidi ya kwamba vijana wetu waliomaliza sekondari wapo, na kazi hii hufundishika.

Kabla hatujaondoka katika ghala lile, kijana alituonyesha daftari lake. Kurasa zilikuwa safi, bila ya kufutwafutwa. Penye kosa alikata mstari mmoja na kuandika upya pembeni, na kutia herufi za jina lake. Katika safu ya maelezo tulisoma mara tatu, kwa tarehe tatu zilizopishana kwa majuma, maneno yale yale: bati linavuja juu ya rundo la tatu. Tuliinua macho tukaliona tundu, na nuru ikipenya. Chini yake magunia yalikuwa yamesogezwa kando na kuacha uwazi kama wa chumba kidogo, na sakafuni palikuwa na ndoo. Mvua za vuli haziko mbali. Tunamwuliza mwenye mamlaka ya kulinunua bati moja: barua zile tatu amezipokea?